Maji Mamoja, Vichala Mbalimbali

Aya ya nne ya Sura ya Ar-Raad inawaelekeza wanadamu kutazama jambo ambalo kila mkulima hulikanyaga kwa miguu yake na wachache huliwaza kwa akili zao: kwamba ardhini mna vipande vinavyopakana, na juu yake bustani za mizabibu, mimea ya nafaka na mitende, na ingawa vyote hivyo hunyweshwa maji mamoja, matunda yake yamezidiana kwa utamu. Aya haielezi kwa nini. Inasema tu kwamba ndani ya jambo hilo zimo ishara kwa watu wenye kutumia akili, kisha hotuba inasonga mbele, ikimwachia msomaji kazi ya kuitumia akili hiyo. Mgeni aliyeonyeshwa kitu na mwenyeji wake akakataa kukitazama amemvunjia heshima mwenyeji. Nami naona kwamba kuisoma aya hiyo na kupita ni utovu wa adabu wa namna hiyo hiyo.

Basi na tutazame. Kama jua ni moja, mvua ni moja, na mipaka ya mashamba imegusana, tofauti ya tunda imetoka wapi? Imetoka katika asili ya mti, au katika udongo, au katika mkono wa mtunzaji, au katika irada ya Muumba isiyohitaji kupitia lolote kati ya hayo? Na liko swali la pili, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu: ikiwa udongo na hewa ndivyo vinavyoufanya mzabibu huu uwe bora na ule uwe dhaifu, je, ni halali kusema vivyo hivyo juu ya wanadamu, kwamba watu wa nchi ya rutuba wameumbiwa ubora na watu wa nchi ya ukame wameumbiwa upungufu? Wapo waliosema hivyo, tena wenye elimu na vilemba vikubwa, na maneno yao hayajafa.

Msomaji Mwislamu asikunje uso kwa kuwa mengi ya maarifa nitakayoyataja yamehifadhiwa na watu waliokamua zabibu ili wapate divai. Zabibu yenyewe ni neema iliyotajwa mara nyingi katika Kitabu, na kuujua udongo unaoilea hakumlevyi mtu.

Mahali ambapo swali la kwanza limeulizwa kwa subira kubwa ni mteremko mmoja wa vilima katika jimbo la Bourgogne, mashariki ya Ufaransa, unaoanzia karibu na mji wa Dijon ukaelekea kusini kupita mji wa Beaune, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mwaka 1098 watawa walioichoka anasa ya monasteri nyingine walijitenga katika bonde la Cîteaux, mahali pa kinamasi, ili waishi kwa sala na kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Na kwa kuwa bonde lile halikufaa kwa mizabibu, katika karne iliyofuata walijipatia ardhi mteremkoni, pale Vougeot, wakaipanda, wakaipanua, na hatimaye wakaizungushia ukuta wa mawe ambao ndani yake mna hektari 50 hivi hadi leo. Watu hawa hawakuwa na haraka ya kufaidi. Mtawa alipofariki, mwingine alilishika jembe lake, na jumuiya isiyokufa kwa kufa kwa mtu mmoja yaweza kuuliza swali moja kwa mamia ya miaka bila ya kuchoka. Vipande vya mteremko ule vyenye majina na mipaka yake vimehesabiwa kuwa 1,247, na mwaka 2015 vilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, heshima ambayo aghalabu hupewa makanisa, misikiti na ngome.

Ukisimama chini ya mteremko huo ukaukwea pole pole, utaipita tofauti yote inayosemwa kwa muda mfupi kuliko wa kwenda sokoni na kurudi. Chini kabisa udongo ni mnene na mzito, maji hutuama, na hewa ya baridi ya usiku, ambayo kwa uzito wake huteremka kutoka juu, hujikusanya huko ikaleta jalidi inayoyaunguza machipukizi katika miezi ya kwanza ya joto. Juu kabisa udongo ni mwembamba, jiwe la chokaa limekaribia kuchomoza, na upepo hauna huruma. Katikati, mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi vimechanganyika kwa kadiri ambayo maji ya ziada hupenya yakaenda zake na maji ya haja hubaki, huku jua la asubuhi likiupiga mteremko uso kwa uso, kwa sababu umeelekea mashariki. Husimuliwa, nami nasimulia kama hadithi na si kama tarehe, kwamba watawa wa Vougeot waliitenga divai ya sehemu za juu kwa wakubwa wa Kanisa na wafalme, na ile ya chini karibu na njia wakainywa wenyewe. Hadithi hiyo ikiwa kweli au isiwe kweli, bei za leo zinaifuata: njia moja nyembamba hutenga shamba ambalo mavuno yake hutafutwa na matajiri wa dunia nzima na shamba ambalo mavuno yake hunywewa na mafundi wa jirani baada ya kazi.

Sasa, udongo hufanya nini hasa? Watu wengi hudhani kwamba mzizi huinyonya ladha ya jiwe na kuipeleka katika tunda, na wauzaji wa divai hawana haraka ya kuwatoa katika dhana hiyo. Lakini wanajiolojia, na miongoni mwao Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, wameikataa kwa hoja nzito. Jiwe halina ladha inayoweza kusafiri namna hiyo. Sukari ya zabibu haichimbwi ardhini. Hutengenezwa na majani kwa hewa, maji na nuru, na kile kinachotoka ardhini, ukiacha maji, ni chumvi chache mno. Kazi kubwa ya udongo ni ugawaji wa maji, kama alivyoonyesha Gérard Seguin katika uchunguzi wake wa mashamba ya Bordeaux, ambako udongo unaosifiwa hauna umbo moja wala kemia moja, bali una tabia moja ya kutoruhusu maji yatuame na kutoruhusu mzabibu ufe kwa kiu. Ardhi ikitoa maji bila ya kipimo, mzabibu hujisahau katika kurefusha matawi na kutanda majani, na vichala vyake hujaa zabibu kubwa za majimaji. Ardhi ikibana kwa wakati unaofaa, matawi huacha kurefuka, zabibu huwa ndogo, na kwa kuwa rangi na ukakasi hukaa katika ganda, tunda dogo huwa na ganda jingi kwa kadiri ya maji yake, likakolea. Hewa nayo ina zamu yake: mchana wenye jua hujaza sukari, na usiku wenye baridi huhifadhi uchachu, kwa sababu tunda lililo katika joto la kudumu huiunguza tindikali yake lenyewe hata likawa tamu lisilo na uhai.

Ukiyapima hayo utaona kwamba mambo ambayo ardhi huufanyia mzabibu yote ni ya namna ya kunyima na kutoa kwa kiasi. Udongo huuwekea mzabibu masharti, na mzabibu huyajibu. Na mzabibu usiowekewa sharti lolote hutoa tunda duni, kama vile uliowekewa masharti ya kuua hautoi kitu. Kwa hiyo hata katika mmea, ambao hauna ulimi wala miguu, neno kwamba ardhi njema huzaa tunda jema si neno kamili, maana ardhi inayosifiwa na wakulima wa nafaka kwa unono wake ndiyo inayolaumiwa na wakulima wa mizabibu, na changarawe isiyofaa kwa ngano imewatajirisha watu wa Médoc, huko Bordeaux.

Mtu mwingine atasema kwamba jibu limo katika asili. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, lakini mizabibu ya Bourgogne ina dawa yake. Mzabibu wa shambani haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa kipande cha tawi, na kipande hicho kina nasaba yote ya mama yake bila ya kupungua. Mzabibu mwekundu uitwao Pinot noir unaoujaza mteremko ule ni, kwa maana iliyo karibu sana na ukweli, mti mmoja uliokatwa ukapandwa, ukakatwa tena ukapandwa, karne baada ya karne. Ikiwa damu ni moja na vichala havilingani, basi damu peke yake haitoshi kuwa sababu. Tena tangu kile kidudu cha Marekani kiitwacho filoksera kilipoyala mashamba ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, mizabibu ya huko imekuwa ikibebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani yanayokistahimili kidudu hicho, hata leo mti mmoja una mizizi ya bara moja na matawi ya bara jingine, na aionjaye zabibu yake haulizi cheti cha kuzaliwa.

Katika habari hii ya asili kuna kesi moja ambayo sijaacha kuifikiri. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Bourgogne aliyejulikana kwa lakabu ya Jasiri, alitoa amri kwamba mzabibu wa aina ya Gamay ung'olewe katika nchi yake, akiushutumu kwa maneno ambayo mtu huyatumia kwa mtumishi mwizi: kwamba ni mbaya, kwamba hauna uaminifu, kwamba unamdhuru anayeunywa. Gamay huzaa sana, na katika chokaa ya mteremko ule wingi wake ulikuwa bila ya ladha. Lakini upande wa kusini, katika vilima vya Beaujolais ambako chokaa inapisha mawe ya matale, mzabibu huo huo uliofukuzwa umetoa tunda linalopendwa na kusifiwa hadi zama zetu. Mtawala aliuhukumu mti, na kosa lilikuwa katika ndoa ya mti na mahali. Ni watoto wangapi wa shule, ni watumishi wangapi wa ofisini, ni mataifa mangapi yaliyoandikiwa hukumu ya Philippe kwa sababu waliwekwa katika udongo usio wao na kisha wakalaumiwa kwa matunda yao!

Hapa mwanachuoni wa dini angeweza kuinua mkono na kuuliza: ukiisha kueleza mifereji ya maji, na jalidi, na ganda la zabibu, ile ishara iliyotajwa katika aya imebaki wapi? Baadhi ya wafasiri wa zamani waliishika aya hii kuwa burhani dhidi ya wale wanaodai kwamba maumbile hujiendesha yenyewe. Walisema kwamba maji yakiwa mamoja na ardhi ikiwa moja, na tunda likatofautiana, basi lazima awepo Mchaguzi. Tukiwaambia leo kwamba ardhi haikuwa moja, ila ilionekana moja kwa macho yasiyochimba, je, tumewavunjia hoja yao? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na kwa hiyo aliishi katika siku zile zile ambazo watawa wa Cîteaux walikuwa wakikausha kinamasi chao bila ya upande mmoja kujua habari za mwingine, alikuwa na jibu kali: kwamba tunachokiona ni moto na pamba kukutana, kisha pamba kuungua, na kwamba ulazima tunaouweka kati ya mambo hayo mawili ni mazoea ya akili yetu, kwani kuungua ni kazi ya Mungu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayezikana sababu ameikana akili yenyewe, na kwamba kumjua Fundi hupitia katika kuijua kazi yake.

Mimi, nikiruhusiwa kusimama katikati ya vigogo hawa, namfuata Ibn Rushd katika shamba na namfuata Ghazali katika hukumu. Ni lazima tuchimbe, tupime, tujue kwamba sentimita chache za mfinyanzi zinabadilisha mavuno, kwa sababu ishara isiyochunguzwa ni pambo tu. Na kila sababu tunayoifichua huongeza ajabu badala ya kuipunguza, maana ni ajabu zaidi kwamba utamu utoke katika kizuizi kuliko kwamba utoke katika muujiza usio na njia. Lakini tukiisha kuchimba, tusidai kwamba tumegundua ulazima. Tumegundua desturi ya mahali, na desturi huwa na nafasi ndani yake.

Nafasi hiyo ndiyo waliyoisahau waliohamisha elimu ya mashamba kuipeleka kwa watu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuiandika Mukadima yake mwaka 1377, aliigawa dunia iliyojulikana kwa iklimu saba, akasema kwamba zile za katikati zina wastani wa hewa na kwa hiyo watu wake wana wastani wa miili, akili na dini, na kwamba kadiri unavyokwenda katika ncha za joto au za baridi ndivyo unavyoukosa wastani huo. Insafu inatutaka tukiri kwamba mwanachuoni huyu alitufanyia hisani moja kubwa: aliwakanusha waliodai kwamba weusi wa ngozi ni laana iliyorithiwa kutoka kwa Hamu mwana wa Nuhu, akasema kwamba ni athari ya jua na hewa. Kwa mkono mmoja akatuvua kashfa ya nasaba, na kwa mkono wa pili akatuvika kashfa ya hewa, kwa kuwa aliendelea kusema kwamba joto huwafanya watu wa kusini wawe wepesi wa kushikwa na msisimko na wapenda ngoma. Karibu karne nne baadaye Mfaransa Montesquieu, katika kitabu chake juu ya roho ya sheria kilichotoka mwaka 1748, alilishona vazi hilo hilo kwa uzi wa Ulaya, na waliokuja kututawala walilivaa.

Basi nawaalika waheshimiwa hawa wawili waje Dodoma.

Vitabu vya kilimo vya zamani vilifundisha kwamba makazi ya mzabibu ni kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kusini au kaskazini ya ikweta, kwa kuwa huko ndiko kwenye wastani wa joto na baridi. Yaani mzabibu nao ulipewa iklimu zake. Dodoma iko karibu na nyuzi 6 kusini. Ni nchi kame, mvua yake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo huja karibu yote katika msimu mmoja wa tangu Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufungwa. Misafara iliyotoka pwani ilipita huko kwa kiu na kwa kulipa hongo, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, Burton na Stanley miongoni mwao, waliikasirikia nchi na wenyewe kwa pamoja, kana kwamba ukavu wa ardhi na ukali wa Wagogo ni jambo moja lililoumbwa siku moja. Wagogo wenyewe walikuwa na ng'ombe, mtama na uwele, na wanaikumbuka kwa jina la Mtunya njaa iliyowapata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ambayo vita na uporaji wa vyakula viliichochea pamoja na ukame. Kwa kanuni ya vitabu mzabibu haukuwa na haki ya kuota huko.

Lakini katikati ya karne ya 20 wamisionari Wakatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza, waliupanda, kwa sababu sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itokane na tunda la mzabibu na si kitu kingine. Ukaota. Nyanda za Dodoma zimeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho huzipa usiku wa baridi ambao latitudo ilikuwa imezinyima. Ukavu uliolaaniwa na misafara huzuia ukungu unaoyaozesha majani. Na udongo wa kichanga wenye wekundu haushiki maji hata mizizi ikazama. Kila kilichokuwa aibu ya nchi kilikuwa na kazi yake, ila hakikuwa kimeulizwa swali linalokifaa. Leo Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo, na iko aina nyekundu inayoitwa kwa jina la mahali hapo, na katika mashamba ya Hombolo na Mpunguzi mtu hukuta zabibu nyeupe za Chenin blanc, ambazo kwao ni bonde la mto Loire.

Jambo la Dodoma lililo zito zaidi kwa swali letu ni usingizi. Kule Bourgogne baridi ya mwisho wa mwaka huuamuru mzabibu ulale, majani hupukutika, na mkulima huja kupogoa mti ambao hewa imekwisha kuutuliza. Dodoma amri hiyo haipo. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, na ukiachwa huchipua ovyo kila mahali ukajichosha bila ya kuzaa cha maana. Anayetoa amri ni mpogoaji. Siku anapoyakata matawi ndiyo mzabibu unapouanza mwaka wake, hata mkulima akaupa miaka miwili ndani ya mmoja, na kuvuna mara mbili, kuelekea Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huivia katika unyevu, ambapo mkulima hupambana na ubwiri na zabibu hujaa maji. Ya pili huivia kiangazi, kwa kumwagilia au kwa unyevu uliobaki ardhini, chini ya jua kali la mchana na usiku wa baridi, na zabibu zake hukolea. Aya ilituonyesha mashamba mawili yanayopakana. Dodoma inatuonyesha shamba moja lisilolingana na nafsi yake, mti ule ule, udongo ule ule, mtu yule yule, na vichala viwili ambavyo mwonjaji angeapa kwamba vimetoka nchi mbili.

Mbele ya shamba hilo Ibn Khaldun angekuwa na kazi ya kuandika upya mlango wake wa iklimu, na naamini angeuandika, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimu kinachoonekana. Maana ikiwa mkasi wa mkulima huweza kuuhamisha mzabibu kutoka msimu mmoja kwenda mwingine, hewa imebaki kuwa shahidi na si kadhi. Tena ardhi yenyewe, inayosemwa kana kwamba ilishuka kamili kutoka mbinguni, kwa sehemu kubwa imetengenezwa. Mvua zilipouteremsha udongo wa Bourgogne hadi chini, wakulima waliubeba kwa vikapu mgongoni kuurudisha juu. Ukuta wa Vougeot uliinuliwa kwa mkono. Na samadi ya ng'ombe wa Wagogo imo katika mashimo ya mizabibu ya Dodoma. Kinachoitwa tabia ya mahali ni jasho la watu waliosahauliwa majina, lililochanganyika na chokaa na mchanga.

Na vitabu vya dini, ambavyo hutajwa na wapenda majaaliwa kama mashahidi wao, vinashuhudia kinyume. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 13, mpanzi anatupa mbegu moja katika ardhi za namna nyingi, na wengi huusoma mfano huo kana kwamba unahusu bahati ya mahali mtu alipoangukia. Lakini maelezo yaliyofuata yanaonyesha kwamba ardhi pale si mazingira ya mtu, ardhi ni mtu mwenyewe. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 58, inapotajwa nchi njema inayotoa mimea yake kwa idhini ya Mola wake na nchi mbaya isiyotoa ila kwa taabu, wafasiri wengi waliielewa hivyo hivyo, kwamba nchi hizo ni nyoyo. Naye nabii Isaya, katika mlango wa tano, anasimulia habari ya mwenye shamba aliyechagua kilima chenye rutuba, akakilima, akayaondoa mawe, akapanda mzabibu bora, akajenga mnara, akachimba shinikizo, na baada ya yote hayo akavuna zabibu mwitu, kisha akauliza ni nini zaidi kingaliweza kufanywa. Ardhi haikuwa na kosa, wala asili, wala mtunzaji. Mzabibu huo ulikuwa watu, na watu wana jambo moja ambalo jiwe la chokaa haliwezi kuwapa wala kuwanyang'anya, nalo ni hiari.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni kwamba si halali. Mzabibu hauwezi kuhama, hauwezi kujipogoa, hauwezi kuubeba udongo wake juu ya mteremko, na hata hivyo ardhi haikuweza kuuandikia hukumu ya mwisho. Itakuwaje basi ardhi imwandikie hukumu mtu, ambaye kuhama, kujirudi na kutengeneza ardhi ndiyo kazi aliyokabidhiwa? Aya imesema kwamba matunda yamezidiana katika kuliwa. Haikusema kwamba mizabibu imezidiana mbele ya aliyeiumba.

Amana hiyo ya ardhi sasa ina hatari mpya, na hatari hiyo imepindua swali la zamani juu chini. Katika mji wa Beaune tarehe za kuanza kuvuna zimehifadhiwa katika hesabu za malipo ya wavunaji na katika kumbukumbu za mji, na watafiti walipozikusanya tangu mwaka 1354 hadi 2018 waliona kwamba kuanzia 1988 mavuno yametangulia kwa wastani wa siku 13 kuliko yalivyokuwa katika karne zilizopita. Tulikuwa tukiulizana kama hewa ndiyo inayomfanya mtu. Daftari la Beaune linasema kwamba mtu, kwa moshi wa viwanda vyake na mitambo yake, ameanza kuifanya hewa, na mteremko uliochaguliwa kwa wastani wake unaanza kuupoteza wastani huo, huku wakulima wa Dodoma, ambao mchango wao katika moshi huo ni mdogo mno, wakingoja mvua isiyojua tena miezi yake.

Ushahidi huo usingalikuwapo kama makarani wa zaidi ya miaka 600 hawakuandika siku ya kuvuna. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu wa Dodoma, na mapadre wa parokia zenye mashamba, na walimu wa shule zilizo karibu nayo, wafungue daftari na kuandika kila msimu, kwa Kiswahili na kwa wino usiofutika: siku ya kupogoa, siku ya kichala cha kwanza kubadili rangi, siku ya kuvuna, kiasi cha mvua, na shamba liko upande gani wa kilima. Mavuno ya kiangazi yanaanza Agosti. Daftari linaweza kuanza siku hiyo hiyo.